Nani Kakojoa Hapa? Paka na Mbwa Chini ya Paa Moja

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu mkojo. Wasomaji wanaofuga paka na mbwa ndani ya nyumba moja wanaongezeka, na malalamiko yao yanafanana: zulia linanuka, wanyama wawili wanatazamana kama watuhumiwa, na mwenye nyumba hajui amlaumu nani. Madaktari wetu wa mifugo wamezijibu. Barua tumezifupisha.

Paka wangu ana kinyongo na mume wangu?

*Habari za kazi, madaktari. Nina paka jike wa miaka minne, amefungwa kizazi, hajawahi kunisumbua. Miezi miwili iliyopita shemeji alihama mji akatuachia mbwa wake. Tangu hapo paka anakojoa kwenye tenga la nguo chafu, na mara mbili amekojoa kitandani, tena upande wa mume wangu. Mume anasema ni kinyongo, kwa sababu yeye ndiye aliyemkubali mbwa. Choo cha paka kiko pale pale kilipokuwa, chini ya ngazi, na mchanga nabadilisha kila Jumamosi.* (Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam)

Pole, mama. Mzee wako alale bila wasiwasi, paka hana neno naye. Hebu piga magoti uitazame ngazi yako kutoka kimo cha paka. Pale chini kuna njia moja tu ya kuingia, na ya kutokea ni hiyo hiyo. Paka akishachuchumaa, mbwa akija kunusa, hana pa kukimbilia. Wala si lazima mbwa amng'ate. Hata mbwa mpole anayetikisa mkia, akimbana kwa mchezo mara mbili tatu, paka ameshajua kwamba pale ni mtegoni. Sasa tazama kitanda: kimeinuka, mbwa anaonekana tangu mlangoni, na godoro linanyonya mkojo kama mchanga unavyonyonya. Tenga nalo lina nguo laini. Upande wa mume wako huenda ndio tu ulio mbali na mlango.

Kabla ya kuhamisha chochote, paka apimwe mkojo. Msukosuko wa nyumbani peke yake unaweza kumletea paka uvimbe wa kibofu, bila mdudu yeyote ndani yake. Akikojoa inauma, na yeye anaunganisha maumivu na mahali alipoumia, yaani chooni. Ndiyo maana antibaotiki za kubahatisha dukani mara nyingi hazimsaidii.

Kisha mpe vyoo viwili. Hesabu ya kawaida ni idadi ya paka, ongeza kimoja, na visiwekwe ubavu kwa ubavu, kwa sababu kwa paka mabeseni mawili yaliyogusana ni choo kimoja kikubwa. Urefu wa beseni uwe mara moja na nusu ya paka kuanzia puani hadi kwenye shina la mkia. Kwa paka wengi hiyo ni kama sentimita 60 hadi 70. Vyoo vingi vya dukani havifiki hapo, kasha la plastiki la kuhifadhia nguo lililokatwa upande mmoja linafaa zaidi. Tia mchanga laini wa mto uliochekechwa na kuanikwa vizuri juani, kina cha sentimita 5 hadi 7. Maranda na pumba za mpunga wapo paka wanaozikubali, ila wengi hupenda punje laini zisizo na manukato. Majivu usitie kabisa, yakilowa yanachoma nyayo.

Kuhusu ile Jumamosi, hapo ndipo tunapogombana nawe. Kinyesi na sehemu zilizolowa huchotwa asubuhi na jioni. Mchanga wa mto haugandi kama ule wa dukani, mkojo unatuama chini, kwa hiyo chota mpaka kwenye sakafu ya beseni na ubadilishe mchanga wote kila baada ya siku mbili au tatu. Beseni lioshwe kwa sabuni ya kawaida na maji. Paka aliyekuwa anavumilia choo kichafu zamani, leo akiwa na mbwa wa kumwogopa pia, havumilii vyote viwili.

Choo kimoja kiwe kwenye chumba ambacho mbwa haingii. Kwa mbwa mkubwa njia rahisi ni ndoano ndefu au mnyororo mdogo unaoshika mlango ubaki wazi kiasi cha sentimita 10. Pima kwanza upana wa kichwa cha mbwa, maana kichwa kikipita mabega yatalazimisha. Choo kisiwe pembeni kwenye kona ya giza. Kiweke mahali ambapo paka akichuchumaa anauona mlango, na kiwe mbali na bakuli la chakula angalau mita mbili.

Mwache paka kwenye chumba hicho siku 7 hadi 14, na chakula, maji, choo na mahali pa kulala, nawe ukimtembelea mara kwa mara. Mlango wa chumba cha kulala ufungwe, tenga litafutiwe mfuniko. Akikataa mchanga na kutafuta kitambaa, tandika kipande cha kanga kuukuu ndani ya beseni, unyunyize mchanga kiganja kimoja juu yake, na kila siku uongeze mchanga mpaka kanga izikwe. Akishatumia beseni wiki nzima bila kukosea, mfungulie saa moja kwa siku ukiwepo, mbwa akiwa amefungwa kamba. Muda uongeze taratibu. Wanaofungua milango yote siku ya tatu kwa sababu "amesharekebika" huwa wanatuandikia tena.

Nitamjuaje mkosaji?

*Naishi gorofa ya tatu na mbwa mmoja na paka wawili. Nikitoka kazini nakuta dimbwi sebuleni, na siku nyingine kinyesi nyuma ya kochi. Wote wananitazama kama malaika.* (Msomaji wa South B, Nairobi)

Ule uso wa hatia anaouvaa mbwa usiuamini. Mbwa huinamisha masikio kwa sababu ameona umekasirika, hata kama aliyekojoa ni paka.

Kwa kinyesi kuna mbinu ya bei ndogo. Nunua krayoni za watoto zilizoandikwa kuwa hazina sumu, uzikwangue kwa kisu, na kila mnyama apewe rangi yake: nusu kijiko cha chai cha makombo kwenye chakula laini, nyekundu kwa huyu, kijani kwa yule. Kesho yake au keshokutwa kinyesi kitakuwa na vidoa vya rangi na kesi itakuwa imekwisha. Hakikisha tu kila mmoja amekula bakuli lake, la sivyo utamfunga asiye na hatia.

Kwa mkojo, muulize daktari wako kuhusu fluoresini, ile rangi inayotumika kupimia vidonda vya macho. Humpa mnyama mmoja kwa kipimo chake, na mkojo wake hung'aa kijani kibichi chini ya taa ya urujuanimno (UV) kwa muda wa siku moja hivi. Anza na unayemshuku zaidi, na zulia la thamani likunje kwanza kwa sababu rangi huweza kubaki. Asiyetaka hayo yote aegemeze simu ya zamani kwenye rafu, arekodi mchana mzima.

Umbo la dimbwi nalo husema, ingawa si ushahidi kamili. Mkojo wa paka huwa mchache na harufu yake ni kali mno. Wa mbwa mkubwa huwa ziwa. Kidogo kidogo kwenye miguu ya meza na pembe za kuta ni alama, yaani mnyama anatia saini mahali pake. Na mara nyingi hawa wanajibizana: paka anakosea kidogo penye zulia, mbwa ananusa na kuinua mguu juu yake, kesho paka anarudia. Ukimrekebisha mmoja bila kuondoa harufu ya mwenzake, umefanya nusu ya kazi.

Dume anarusha mkojo ukutani

*Mbwa wetu hulala nje barazani, ndani haingii. Paka dume wa mwaka mmoja na nusu yuko ndani. Sasa paka anasimama wima, mkia unatetemeka, anarusha mkojo kwenye mapazia na mlango wa mbele. Nje ya mlango huo huo mbwa naye hukojoa. Mama anasema harufu ya ndani na najisi ya nje zimemshinda.* (Msomaji wa Kisauni, Mombasa)

Hukumu ya twahara mama atamuuliza sheikhe wake, sisi tujibu la harufu. Barua yako imejieleza vizuri: kusimama, mkia kutetemeka, mkojo kidogo kwenye kitu kilichosimama. Huyo hana tatizo la choo, na hata ukimpa mabeseni sita ataendelea. Anaweka mpaka. Mbwa anatia alama nje ya mlango, harufu inapenya chini ya kizingiti, na pengine kuna madume ya mtaani yanayopita dirishani usiku. Paka anajibu kwa upande wake.

Ahasiwe. Takribani madume tisa kati ya kumi hupunguza sana au huacha kabisa baada ya kuhasiwa, baadhi kwa siku chache, wengine kwa wiki kadhaa. Aliyehasiwa mapema, kabla tabia haijakomaa, ana nafasi nzuri zaidi, kwa hiyo msingoje afikishe miaka mitatu. Mbwa akiwa dume naye mfikirieni.

Wakati mnangoja, ziba upenyo wa chini ya mlango kwa mpira au ubao, bandika karatasi kwenye vioo vya chini ili asione wapitaji, na mbwa atafutiwe mahali pengine pa kulala, angalau mita kadhaa kutoka mlangoni. Sehemu ya nje anayokojolea ioshwe kama ile ya ndani, tutakavyoeleza kwa msomaji wa Tanga. Mahali paka anaporudia, pakishasafishwa, pawekwe bakuli lake la chakula. Paka huona vibaya kukojolea sahani yake.

Mbwa anakula mavi ya paka

*Naona aibu hata kuandika. Kijibwa changu kinavizia paka amalize, kisha kinaingia. Nimenyunyizia pilipili haikusaidia. Je, ananyimwa chakula? Nampa cha kutosha.* (Msomaji wa Moshi)

Usione aibu, ni la kawaida mno. Chakula cha paka kina protini na mafuta mengi, na kinachotoka bado kinanukia vizuri kwa mbwa. Njaa si lazima iwepo. Pilipili iache leo hii: mbwa wengine hawaijali, anayeumia ni paka anayefukua kwa makucha na kujilamba, kisha anakihama choo. Hapo utakuwa umebadilisha tatizo moja kwa mawili. Hatari kwa mbwa ni minyoo, na mchanga wa kuganda akiumeza kwa wingi unaweza kumziba tumbo. Wote wawili wapewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari.

Kwa kuwa mbwa wako ni mdogo, mlango wa mnyororo hautafaa, atapita alipopita paka. Tengeneza choo cha kuingilia juu. Chukua kasha la plastiki la lita 60 au zaidi lenye mfuniko unaobana, kimo cha sentimita 35 hadi 40. Kwenye mfuniko chora duara la sentimita 23, karibu na ncha moja. Pasha kisu ukate polepole, ukiwa nje kwa sababu ya moshi, kisha lainisha ukingo kwa msasa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa. Sehemu ya mfuniko iliyobaki ibandikwe kipande cha mkeka wenye kukwaruza kidogo: paka hatateleza akitua, na mchanga wa nyayoni utabaki pale. Wiki ya kwanza acha kasha bila mfuniko ili paka alizoee, ndipo ufunike. Choo cha zamani kibaki palepale, nyuma ya mlango uliofungwa kwa mbwa, mpaka uone amehamia.

Paka mzee, mnene au mwenye maumivu ya viungo choo hiki hakimfai, hawezi kuruka. Wala usinunue choo cha pango chenye mlango mmoja wa mbele ukidhani umemzuia mbwa. Kichwa cha mbwa kinaingia, na paka anakuwa amefungiwa humo naye.

Na bakuli la paka lipande juu ya meza. Mbwa anayeiba chakula cha paka kila siku huweza kuharisha, kisha akashindwa kungoja mlango ufunguliwe.

Mtoto wa mbwa anajisaidia popote

*Ana miezi mitatu. Namtoa nje nusu saa hafanyi kitu, tukirudi ndani anakojoa kwenye mkeka, au anaingia kwenye beseni la paka. Nimemsugua pua mara kadhaa hajifunzi.* (Msomaji wa Morogoro)

Amejifunza, ila si ulichotaka. Amejua kwamba kukojoa mbele yako ni hatari, ndiyo maana nje ukiwa umemsimamia anajizuia, na ndani anatafuta nyuma ya mkeka.

Wa miezi mitatu usimdai ajizuie zaidi ya saa tatu au nne. Mtoe kila anapoamka, ndani ya dakika kumi na tano baada ya kula, na baada ya kucheza. Mlango ule ule, mahali pale pale, wewe umesimama kimya dakika tano. Nusu saa ya matembezi inamchanganya kwa vitu vya kunusa. Akimaliza, mpe kipande cha nyama pale pale, ndani ya sekunde mbili. Ukimpa mkirudi jikoni atadhani amelipwa kwa kurudi. Kisha mwache acheze nje kidogo, kwa sababu mbwa anayerudishwa ndani mara tu akikojoa hugundua kwamba kukojoa ndiko kunakomaliza starehe, na ataanza kukuchelewesha. Asipofanya kitu, rudi naye ndani akiwa na kamba iliyofungwa kiunoni mwako, dakika kumi hadi kumi na tano, mtoke tena.

Beseni la paka linamvutia kwa sababu ya mchanga, na harufu inayomwambia kuwa hapa ndipo. Mnyime njia, kama tulivyoeleza juu, halafu mwekee uani mraba wake wa mchanga wa mita moja kwa moja. Msimu wa mvua uwe chini ya bati, mbwa wengi hugoma kulowa.

Harufu inafufuka kila masika

*Tumeosha kwa jiki, kwa sabuni ya maji, kwa kila kitu. Kiangazi haisikiki, mvua ikianza nyumba nzima inanuka paka.* (Msomaji wa Tanga)

Mkojo una chembe za asidi ya yuriki ambazo haziyeyuki vizuri kwa maji. Hukauka ndani ya sementi, ndani ya uzi wa zulia, katikati ya vigae, na hewa ikiwa na unyevu harufu inaamka. Pua ya paka na mbwa inaisikia hata wakati wa kiangazi, nao wanarudi palepale. Jiki haisaidii, na ikikutana na mkojo mwingi inatoa mvuke unaokaba kifua. Dawa za kuoshea sakafu zenye amonia ni mbaya zaidi, zinanukia kama mkojo. Zile zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizitia majini mara nyingi zina jamii ya fenoli, sumu kwa paka anayezikanyaga na kujilamba.

Tafuta sabuni ya unga ya kufulia ambayo pakiti yake imeandikwa kuwa ina vimeng'enya (enzymes), chembe zinazovunjavunja uchafu. Koroga gramu 100 kwenye lita moja ya maji ya vuguvugu. Ya moto yanaviua vimeng'enya. Kama mkojo ni mbichi, ukamue kwanza kwa kitambaa kikavu, usisugue. Mimina sabuni mpaka ifike mkojo ulipofika, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa: kikombe cha mkojo kimezama kwenye godoro, wao wanapangusa juu kwa kitambaa. Funika kwa nailoni pakae na unyevu saa kadhaa, au usiku kucha, kwa sababu vimeng'enya vikikauka vinaacha kazi. Suuza kwa maji safi, kausha kabisa, kisha nyunyizia spiriti ya dukani mbali na moto, uache ikauke. Jaribu kwanza pembeni, rangi za zulia nyingine hutoka. Sakafu ya sementi isiyopakwa rangi huhitaji kurudiwa mara mbili au tatu, na ikishanyamaza ipakwe rangi ya sakafu.

Kwa kifupi

*Mke wangu ni mjamzito, tumtoe paka?* (Msomaji wa Kahama)

Hapana. Wewe ndiye uchukue koleo la choo, kila siku. Vijidudu vya toksoplasma, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hutoka na kinyesi cha paka na huchukua siku moja hadi tano ndipo viweze kuambukiza, kwa hiyo kinyesi kisilale. Mbwa asikaribie choo hicho, na mama avae glavu akilima bustani.

*Paka dume anaenda chooni kila baada ya dakika chache, anajikamua, analia, hakitoki kitu. Nasubiri Jumatatu.* (Msomaji wa Dodoma, kwa ujumbe wa simu)

Usisubiri. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba na huyu huenda imeziba, na paka aliyeziba anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Ujumbe wako tulikujibu saa ile ile, tunauchapa kwa ajili ya wengine. Usimbonyeze tumbo, kibofu kilichojaa hupasuka. Usimpe paracetamol hata robo kidonge, inaua paka. Mtie kwenye boksi lenye matundu, mpigie daktari ukiwa njiani, umwambie mara ya mwisho uliona mkojo lini.